Nyeupe ya Mwalimu

Mwenye nyumba wangu wa mtaa wa Mtanda alikuwa mwalimu mstaafu wa ushoni, na kazi aliyoishika baada ya kustaafu ilikuwa kupaka ndege rangi. Si ndege za kweli. Zilikuwa za ndani ya kompyuta, za mchezo wa kuendesha ndege ambao watu wa nchi nyingi huucheza wakiwa wamekaa majumbani mwao. Mchezo ule unamruhusu mtu kuivua ndege rangi iliyokuja nayo na kuivisha nyingine anayoitaka mwenyewe. Mwalimu alizivisha, akaziweka kwenye mtandao, na watu asiowajua wakazichukua bure wakaruka nazo. Mtaa mzima ulimwita Mwalimu, basi, bila jina, na mimi nitamwita hivyohivyo.

Nilipanga chumba cha uani kwake kwa miaka kadhaa, nikiwa mwandishi wa redio moja ya mjini Lindi. Kazi yangu ilinizoesha kuuliza maswali, na yeye hakupenda kuulizwa, kwa hiyo mengi ninayoyajua juu yake niliyapata kwa kumwangalia. Jambo la kwanza nililoliona, kabla hata sijaelewa anafanya nini, ni kwamba uso wake ulikuwa karibu mno na kioo cha kompyuta, na kila mwaka ulizidi kusogea. Alikuwa na mtoto wa jicho, macho yote mawili, na hakutaka kusikia habari ya upasuaji. Hicho ndicho kilichotutia hofu sisi tuliokuwa karibu naye: kwamba mwanamke aliyeishi kwa rangi atafika siku asiione hata moja, na atafikishwa huko na ubishi wake mwenyewe.

Kompyuta ilikuwa ya binti yake, ambaye aliupenda mchezo ule tangu akiwa chuoni, akaiacha nyumbani alipohamia Dar es Salaam kikazi. Siku moja Mwalimu aliiwasha ajue kama bado nzima, apate kumgawia mtu. Kwenye kioo ikatokea ndege ndogo yenye mstari mwekundu ubavuni. Akampigia simu binti yake. Mimi nilikuwa nafua uani, nikasikia upande wake wote.

“Nani kaishona hii?” alisema. “Ndege, ndiyo, ndege. Mstari wake umekatika hapa mlangoni, vipande havikukutana. Sasa kama ni picha ndiyo visikutane? Hebu niambie inafunguliwaje.”

Binti alimwambia inafunguliwaje. Kutwa ile Mwalimu hakutoka chumbani isipokuwa kwa swala. Jioni aliniita.

“Njoo, mwandishi. Unaona nini hapa?”

Nilichoona ni karatasi kubwa ya rangi, imejaa vipande vya maumbo yasiyo na maana, kingine kirefu, kingine kama jani, kingine kama ulimi.

“Naona vipande vipande, Mwalimu.”

“Unaona gauni halijashonwa,” alisema. “Huu mgongo. Hili tumbo. Mikono hii hapa, wa kulia na wa kushoto. Huu mkia umekatwa mara mbili kwa sababu una pande mbili. Kompyuta ndiyo inayoshona. Mimi kazi yangu ni kitambaa.”

Toka siku hiyo ndivyo alivyofanya kazi. Mahali bawa linapoungana na mwili aliita kwapani. Ukingo wa chini wa mkia aliita pindo. Zile rangi zinazopangwa moja juu ya nyingine katika programu ya kuchorea aliziita bitana. Alipotaka kujua kama mistari ya ubavu wa ndege itakutana na mistari ya mgongo, hakuiamini kompyuta. Alipeleka ile karatasi ya vipande kwenye duka la kuchapisha, akarudi nayo, akaikata kwa mkasi wake wa kazi na kuiunga kwa uzi, akipiga bandi kama anavyopiga gauni la mteja kabla ya kulipitisha kwenye cherehani. Ikitoka ndege ya karatasi yenye mishono mirefu ya uzi mweusi, aliigeuza mkononi, akaiangalia kwapani, akanung’unika. Sebule yake ilijaa ndege hizo. Zilining’inia kwenye misumari ya mapazia, na wageni waliokuja kutoa pole au kuleta kadi ya harusi walikaa chini yake wakijifanya hawazioni.

Neno lake kubwa lilikuwa “fumua”. Alilitumia darasani kwa maisha yake yote ya kazi, na nimekutana na wanawake wazima Lindi nzima wanaokumbuka shingo zao zikisisimka wakilisikia nyuma yao. Hakulistaafisha. Fundi aliyemjengea ukuta wa choo aliambiwa fumua. Mimi nilimsomea taarifa yangu juu ya bei ya ufuta kabla ya kuipeleka redioni, akasikiliza mpaka mwisho akiwa anachambua mchele, kisha akasema, “Pale katikati hapakukaa. Fumua.” Nilipofumua, pakakaa. Kusifu hakukujua. Kazi nzuri kwake ilikuwa kazi ambayo hakuisemea kitu.

Ndege yake ya kwanza kamili aliipa shirika ambalo halipo, la Likawage. Huko ndani ya wilaya ya Kilwa ndiko alikoanzia kazi akiwa msichana, na aliwapenda watu wa kule kwa namna ambayo hakuwapenda watu wa mjini. “Masika yakishika barabara inakatika,” aliniambia. “Mtu anaumwa, anaangalia tu mvua. Mimi nimewapa ndege.” Tumbo la ndege alilipaka rangi ya udongo mwekundu, kwa hoja kwamba uwanja wa Likawage ungekuwa wa vumbi na tumbo jeupe lingeonekana chafu kila siku. Juu ilikuwa nyeupe. Mkiani aliweka shina la ufuta lenye vitumba vilivyoanza kupasuka. Ubavuni aliandika LIKAWAGE kwa herufi nene.

Upande wa kushoto ndege ilipendeza. Upande wa kulia herufi zote zilisomeka kinyumenyume, kama zimeonwa kwenye kioo cha kujitazamia. Aliyeitengeneza ndege ile alitumia kipande kimoja cha ubavu kwa pande zote mbili, akakigeuza tu.

“Kabana kitambaa huyu,” Mwalimu alisema. “Kakata ubavu mmoja akautumia mara mbili. Kanga yenye maandishi hukati hivyo.”

Alitafuta mpaka akapata ndege nyingine ya aina ileile, yenye ubavu wa kulia na wa kushoto uliokatwa mbalimbali, akaanza upya. Baada ya Likawage alitoa ya Mingoyo, ya Kivinje, ya Nangurukuru. Zote ni sehemu ambazo hazikuwa na shirika la ndege, na baadhi hazikuwa na hata mahali pa kutua. Kuna mtu huko Poland aliyekuwa akiruka na ndege ya Mingoyo kila jioni akitoka kazini. Aliandika kushukuru. Mwalimu alinitamkia jibu niliandike kwa Kiingereza: anashukuru, anamtakia kazi njema, na asiwe anaiegesha juani rangi ikapauka. Sikujua kama alikuwa anatania. Nilimwangalia usoni, sikupata kitu, nikaliandika kama alivyosema.

Alikuwa mtu wa kujipinga. Vijana waliokaa barazani kwake na simu zao aliwafukuza kwa kusema michezo inakausha akili, kisha alifunga mlango akarudi kwenye mchezo wake. Nilipomwambia hilo, alisema yeye hachezi. Na kweli, hakucheza. Hakuwahi kuirusha ndege hata moja. Alizipanga uwanjani, akazizunguka polepole kwa ile kamera ya mchezo, mbele, ubavuni, chini ya tumbo, kama fundi anayemzungusha bibi harusi. Basi. Injini hazikuwashwa. Siku moja nilimwomba nijaribu, nikairusha ndege ya Likawage, nikaigonga kwenye kilima.

Alisogeza uso kwenye kioo. Halafu akasema, “Imechubuka wapi?”

“Haichubuki, Mwalimu. Ukianza upya inarudi nzima.”

“Anza upya.”

Nilianza upya. Akanisogeza pembeni, akaizunguka yote, akapitisha kidole juu ya kioo pale kwapani. Sikuruhusiwa tena.

Na msimamo wake wa dini haukubadilika kwa sababu mteja yuko mbali. Mtu mmoja wa ng’ambo aliomba ndege yenye picha ya chupa ya bia mkiani. Angeweza kumnyamazia. Aliniita niandike: “Mwanangu, ndege yako nitaishona vizuri na mkia nitauacha wazi. Hiyo chupa utaibandika mwenyewe.” Yule bwana akajibu kwamba mkia ulivyo wazi unapendeza, atauacha hivyo. Siku ile Mwalimu alinipikia wali wa nazi.

Nimeeleza ubishi wake. Sasa nieleze hofu yake, maana vilikaa pamoja.

Dada yake mkubwa, kwao Kilwa Kivinje, aliota mtoto wa jicho kabla yake. Hakwenda hospitali. Alikwenda kwa mtu aliyepita vijijini akisema anajua kumtoa kwa sindano, na mtu yule aliingiza sindano jichoni akamsukuma mtoto wa jicho ndani. Kwa muda mfupi dada aliona. Kisha jicho likavimba, likafa. Mwalimu alikuwepo, alimshika dada yake mikono. Binti yake alimweleza mara nyingi kwamba upasuaji wa hospitali ni kitu kingine, kwamba siku hizi wanaweka lenzi, kwamba watu wanatoka wakitembea. Mwalimu alisikiliza kwa adabu.

“Nimeshika sindano maisha yangu yote,” alimjibu siku moja mbele yangu. “Najua mkono unavyoteleza. Najua ukiteleza kwenye kitambaa unafumua. Jicho utalifumua wapi?”

Binti alimimina chai, akaanza tena na habari ya lenzi.

Kwa hiyo uso uliendelea kusogea kwenye kioo. Alinunua taa ya mezani, kisha nyingine. Sindano alitungiwa na jirani, akasema ni sindano za siku hizi zina matundu madogo. Alizidisha ukubwa wa maandishi ya kompyuta mpaka nilikuwa nayasoma nikiwa uani. Na katika rangi hakuna aliyethubutu kumwambia kitu, kwa sababu hapo ndipo alipokuwa na uhakika kuliko mahali popote. Aliwahi kumrudishia mtoto wa watu mtihani mzima kwa uzi wa rangi ya maziwa kwenye kitambaa cheupe. Juu ya ndege zake alikuwa na sharti moja: nyeupe iwe nyeupe.

Aliyethubutu alikuwa mteja wa Mwanza. Sikuwahi kumwona. Alikuwa mpenzi wa mchezo ule, aliyechukua kila ndege ya Mwalimu siku ilipotoka, na maoni yake aliyaandika hadharani chini ya picha, kwa Kiswahili, kwa heshima zote.

“Shikamoo Mwalimu,” aliandika. “Mimi ni mteja wako wa siku nyingi, niko Mwanza. Ndege ya Nangurukuru nimeipokea, mishono safi kabisa. Samahani, mbona nyeupe yako ina bluu?”

Mwalimu alijibu mwenyewe, kwa kidole kimoja. “Marahaba. Futa kioo chako.”

“Nimefuta Mwalimu. Bado bluu.”

“Basi kioo chako kibovu.”

“Nimeangalia na kwenye simu ya mke wangu.”

“Na ya mkeo mbovu.”

Nilijiona nina wajibu. Nikasema, “Mwalimu, hata mimi naona bluu. Tena si kidogo.”

“Wewe ulinunua shati la kijani ukatuambia la kijivu,” alisema, na hilo lilikuwa kweli, nikarudi chumbani kwangu.

Lakini ilianza kumkera. Watu wengine nao wakaandika. Mmoja wa nje alizisifu kama ndege za nchi ya barafu, akidhani ndivyo alivyokusudia. Mwalimu aliniuliza barafu inahusiana nini na Nangurukuru. Aliacha kuweka ndege mpya. Alikaa mbele ya mashine na taa zake mbili, akiiongeza rangi ile nyeupe kidogo, akiipunguza, akisogea, akirudi nyuma, na kila aliposema sasa ni nyeupe, mimi niliyesimama nyuma ya kiti niliona bluu imezidi.

Ndipo mteja wa Mwanza akaandika tena. “Mwalimu, naomba usinijibu mimi, iulize kompyuta. Bonyeza ile rangi nyeupe, kitafunguka kidirisha chenye namba tatu, ya nyekundu, ya kijani na ya bluu. Nyeupe safi zote tatu zinalingana.”

Aliniita kwa sababu namba zilikuwa ndogo. Nilimsomea. Nyekundu na kijani zilikuwa karibu sawa. Bluu ilikuwa imeziacha mbali.

“Soma tena,” alisema.

Nilisoma tena. Akaniambia nifungue ya Kivinje. Bluu ilizidi, ila si sana. Akaniambia nifungue ya Mingoyo. Ilizidi kidogo. Ya Likawage, ile ya kwanza kabisa, namba zote tatu zililingana. Nikazipanga upya kwa mfuatano, toka ya zamani mpaka ya juzi, kama ninavyopanga taarifa zangu, na hapo hata asingeona namba angeelewa kwa kusikia sauti yangu. Bluu ilikuwa imepanda ndege hadi ndege, bila kurudi nyuma hata mara moja.

Nilingoja aseme kompyuta mbovu. Alishika ukingo wa meza.

“Kumbe mimi,” alisema.

Akanyanyuka, akaenda kutia udhu, ingawa wakati wa swala ulikuwa bado.

Baada ya hapo alijaribu kupaka kwa namba. Alitaka nimsomee, yeye abonyeze. Nyeupe ilitoka nyeupe, sisi wote tulisema hivyo, na mteja wa Mwanza aliandika shukrani ndefu. Mwalimu hakufurahi. Machoni mwake ndege zile zilikuwa za njano, na alilazimika kuamini kwamba si za njano. “Napika kwa kusoma karatasi,” aliniambia. “Chumvi sionji.” Alifanya hivyo kwa ndege moja, akaifunga mashine na kuifunika kwa kitambaa. Nyumba ikawa kimya. Nilikuwa nimezoea mlio wa feni ya kompyuta ile kama mtu anavyozoea mlio wa friji, na sasa niliusikia kwa kutokuwepo kwake.

Asubuhi moja nikiwa napiga mswaki bombani, alinisemesha kutoka dirishani.

“Mpigie yule mtoto. Mwambie nakwenda.”

“Hospitali, Mwalimu?”

“Unadhani wapi? Lakini jicho moja. Likiharibika nibaki na jingine.”

Binti alikuja kabla hajabadilisha mawazo. Walikwenda kwenye hospitali moja ya upande wa Masasi, mimi nikabaki na funguo. Nilikuwa na habari ya kuandika siku ile, sikuandika hata mstari. Kila simu ilipoita nilimwona yule dada wa Kivinje. Mwishowe ukaja ujumbe wa binti: wametoa bandeji, mama anaona, tena amemwambia muuguzi kwamba pindo la koti lake limefumuka.

Nilikaa kitandani nikaucheka ujumbe ule peke yangu.

Waliporudi alishuka kwenye bajaji na miwani nyeusi, akasimama uani. Akaivua. Akageuka polepole, kama alivyozizungusha ndege zake. Aliangalia ukuta, mapazia, mlango wa jiko, beseni langu la nguo.

“Nyumba yangu chafu namna hii,” alisema, “na nyinyi mnaishi tu.”

“Shikamoo Mwalimu.”

“Marahaba. Leta ngazi, hizo kuta zina utando wa buibui.”

Sijawahi kufurahia kugombezwa kama siku ile. Binti yake alikuwa nyuma yake amebeba mikoba, anatabasamu na machozi yanamtoka, na mama yake alimwambia asilie kwenye nguo alizopiga pasi.

Kompyuta aliifunua kesho yake. Nilitaka kuwepo, akaniruhusu. Ndege ya Nangurukuru ilipotokea, kubwa, kioo kizima, alirudi nyuma na kiti. Aliiangalia. Kisha akaanza kucheka, kicheko cha chini kwanza, halafu kilichomlazimu kushika tumbo.

“Nilikuwa nafua,” alisema alipopata pumzi. “Shuka likianza kuwa njano si unalitia bluu? Ndivyo nilivyofanya. Kila siku naona njano, naongeza bluu. Naona njano, naongeza bluu. Mzungu wa watu anaruka na ndege iliyotiwa bluu ya kufulia.”

Mteja wa Mwanza alipata ujumbe mchana ule. “Assalaam aleikum. Kioo chako kizima. Na cha mkeo.”

Yeye akajibu kwa alhamdulillah na kwamba mkewe anamsalimu.

Hapo tulidhani mambo yamekwisha. Daktari alimwambia arudi kwa jicho la pili baada ya la kwanza kutulia, na la kwanza lilitulia vizuri. Hakurudi. Safari hii hakuzuiwa na hofu ileile. Sasa alikuwa na kazi. Alikuwa anafumua ndege zote, na alikuwa amegundua namna ya kuifanya ambayo nadhani hakuna mwingine aliyewahi kuitumia. Alifumba jicho jipya kwa kiganja akaangalia ndege kwa la zamani. Kisha akabadilisha mkono.

“Kwa hili jipya naona nilichofanya,” alinieleza. “Kwa hili la zamani naona nilichotaka. Bila la zamani nitajuaje nilitaka nini? Mkia wa Kivinje niliutaka kama embe bivu. Kwa jicho jipya naona ni kijani cha ajabu. Nikilitoa hili, lile embe linakwenda nalo.”

Binti alimwambia kwa simu kwamba jicho linazidi kuwa gumu, kwamba likikomaa sana kulipasua ni shida. Mwalimu alijibu kwamba Kivinje anakaribia kuimaliza. Baada ya Kivinje ikawa Mingoyo. Binti alinipigia mimi. Nilimwambia Mwalimu maneno ya binti yake neno kwa neno, na aliniambia mwandishi wa redio arudi kwenye bei ya ufuta.

Nilihamishiwa Kilwa Masoko jambo hilo likiwa halijaisha. Nilimwacha kiganja kimoja kikiwa usoni. Tulisalimiana kwa simu sikukuu, na kila mara niliogopa kuuliza, nikauliza, akasema bado moja.

Mara ya mwisho nilimwona Mingoyo. Nilikuwa natoka kwenye mnada wa korosho, nimesimama njia panda nangoja gari la kurudi Lindi, mchana, jua kali, watu wengi. Nilisikia sauti kutoka ng’ambo ya barabara.

“Mwandishi, umenenepa.”

Kati yetu kulikuwa na lori la chumvi, bodaboda na akina mama wenye mabeseni ya machungwa. Alikuwa amenitambua juu ya vyote hivyo. Nikavuka.

“Shikamoo Mwalimu.”

“Marahaba. Hujambo? Kilwa wanakulisha nini?”

Binti yake alikuwa dukani ananunua maji. Walikuwa njiani kwenda Masasi, hospitali ileile. Nilimwangalia bila kuuliza, na safari hii alijibu bila kuulizwa.

“Nimeimaliza ya mwisho jana. Nimeshona, nimefumua, nimeshona. Hakuna tena ninacholidai jicho hili.”

“Huogopi?”

“Naogopa, kwa nini nisiogope? Sindano ni sindano. Lakini yule daktari nimemtazama mkono. Hautetemeki. Ningempa darasa.”

Hiyo ilikuwa sifa. Nilimwambia binti yake baadaye, hakuamini.

Mwalimu alinyanyua kiganja akafunika jicho jipya, akanitazama kwa lile la zamani. Alianza na viatu akapanda. “Shati lako rangi ya chai ya maziwa,” alisema. Akabadilisha mkono. “Sasa jeupe. Kola haikutakata.” Akarudi kwa la zamani, akaangalia machungwa ya akina mama, akaliangalia lori, magunia yake ya chumvi, akaangalia barabara ya Lindi alikotoka na barabara ya Masasi anakokwenda. Hakuharakisha. Vyote vile vilikuwa vya njano kwake, na ni yeye peke yake pale njia panda aliyekuwa akiviona hivyo.

Gari likaja. Binti akapanda na mikoba, akamshikia mahali dirishani. Mwalimu alikuwa bado amesimama, kiganja usoni.

“Mama,” binti aliita. “Watatuacha.”

“Nakuja.”

Akashusha mkono, akapangusa kiganja kwenye baibui, akapanda. Alipokaa alifungua kioo cha dirisha akatoa kichwa.

“Mwambie dereva aondoke,” aliniambia. “Mimi tayari.”